Oili inavuja wapi? Njia tano za kuisaka kwenye injini kuukuu ya basi, zikilinganishwa

Gia boksi ya basi lile tuliishusha mara mbili. Mara ya kwanza tulibadilisha sili ya nyuma ya krankshafti, yaani pete inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nje, tukapandisha kila kitu, basi likaenda safari mbili, na oili ikarudi kudondoka palepale chini ya nyumba ya klachi. Tukasema sili ile ilikuwa mbovu. Tukashusha tena, tukaweka nyingine, na oili ikadondoka tena. Mara ya tatu, kabla hatujashika spana, fundi mmoja mzee aliomba injini iwashwe, akapitisha mkono nyuma ya bloku, mwili mkuu wa injini, upande usio na feni wala mikanda, juu kabisa ambako jicho halifiki, akautoa umelowa. Swichi ya presha ya oili, kitu kidogo cha ukubwa wa kidole gumba, ilikuwa inatema oili kupitia plastiki yake kila presha ilipopanda. Oili ikashuka mgongoni mwa bloku, ikaingia kwenye ungio la nyumba ya klachi, ikatokea chini kana kwamba imetoka kwenye sili.

Kazi ya siku kadhaa, mara mbili, kwa ajili ya swichi inayofunguliwa kwa spana moja. Ndiyo maana nimeamua kuziweka njia za kutafuta mvujo upande kwa upande. Kila fundi ana njia yake anayoiapia, na kila njia ni nzuri kwa aina fulani ya mvujo na kipofu kwa nyingine. Ukichagua isiyolingana na mvujo wako, utapata jibu, tena jibu la uhakika kabisa, ila litakuwa la uongo.

Kabla ya njia yoyote: inavuja lini?

Wengi huanza kwa kuuliza inavuja wapi. Mimi nauliza inavuja lini, kwa sababu oili hutoka kwenye injini kwa nguvu tatu tofauti, na kila nguvu ina saa yake.

Ya kwanza ni presha ya pampu. Njia za oili ndani ya bloku, bomba linalokwenda kwenye tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), kichwa cha filta, kipoza oili na swichi ya presha vyote hubeba oili inayosukumwa kwa bar kadhaa injini inapozunguka. Mvujo wa hapa huamka injini ikiwaka na hulala ikizimwa. Ya pili ni uzito wa oili yenyewe: gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), skrubu ya kumwagia oili, sehemu ya chini ya kava ya mbele. Mvujo huu haujali injini inawaka au imezimwa, na asubuhi utakuta kidimbwi. Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni pumzi ya ndani. Gesi inayopenya pembeni mwa ringi za pistoni hujaa kwenye sampu, na isipopata pa kutokea husukuma oili kwenye kila sili na kila gasketi iliyochoka. Mvujo wa aina hii huwa mkubwa basi likipanda mlima na abiria wamejaa, halafu unapotea likisimama gereji bila mzigo. Fundi anawasha injini, anasubiri nusu saa, haoni kitu, anamwambia mwenye basi kwamba halivuji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kadibodi. Tandika kadibodi safi chini ya injini usiku, ichunguze asubuhi. Tandika nyingine injini ikiwa inanguruma bila mzigo kwa dakika 20. Tandika ya tatu mara basi linaporudi kutoka safarini, injini ikiwa bado ya moto. Andika juu ya kila moja mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Kadibodi tatu hazikuonyeshi tundu, lakini zinakuambia nguvu ipi inasukuma, na hapo tayari umeokoa nusu ya kazi.

Kisha linganisha kadibodi na kijiti cha kupimia oili. Basi likiwa limesimama mahali palepale, sawasawa, na injini imepoa kwa muda uleule, pima leo na upime baada ya safari kadhaa. Kama kiwango kimeshuka kwa lita na zaidi huku kadibodi ina matone machache tu, oili yako haivujii chini. Inaungua kwenye silinda, au inapita kwenye tabo, au inakwenda na upepo wa breki kupitia kompresa yake. Kama kiwango kimepanda badala ya kushuka, nusa kijiti. Dizeli inayopenya kutoka kwenye pampu ya injekta au pampu ndogo ya kuvutia mafuta huchanganyika na oili, ikawa nyepesi kama maji, na gasketi zilizokuwa zinazuia oili nzito zinaanza zote kutoa jasho kwa wakati mmoja. Hapo usitafute mvujo wa oili kabisa. Tafuta dizeli inaingilia wapi, tena kwa haraka, maana oili nyepesi hula beringi.

Kuosha si njia, ni sharti

Hakuna njia ya kutafuta mahali pa mvujo inayofanya kazi juu ya injini yenye tope la miaka kumi. Paka dawa ya kukata grisi, sugua kwa brashi, osha, kausha kwa upepo. Injini iwe imepoa. Maji baridi juu ya pampu ya injekta yenye moto yanaweza kuikamatisha, kwa kuwa vipuri vyake vya ndani vimekaana kwa nafasi ndogo mno. Funika altaneta, stata na mdomo wa hewa. Ukiwa na mashine ya maji ya presha, usiielekeze kwenye midomo ya sili, la sivyo utatengeneza mvujo ambao haukuwapo.

Ukiosha vizuri, mara nyingine mvujo unajionyesha wenyewe bila ujanja wowote, na hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Macho na tochi

Njia hii haina gharama, na bado wengi huifanya vibaya. Kosa ni kuosha, kwenda safari ya siku nzima, kisha kurudi kuangalia. Kufikia hapo upepo umeshaisambaza oili kila mahali. Fanya kwa hatua: dakika 5 bila mzigo, angalia, dakika 20, angalia tena, mwendo mfupi wa kilomita chache, angalia tena. Unatafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, kwa sababu oili hushuka, na kwenye basi lenye injini mbele upepo wa barabarani huisukuma kurudi nyuma.

Kioo kidogo chenye mpini kinasaidia, na kamera ya waya inayounganishwa na simu inasaidia zaidi kwa mgongo wa bloku. Mkono nao una akili yake: pitisha kidole chini ya ungio, si juu yake.

Njia hii inakamata mivujo ya presha iliyo mahali pa kuonekana. Kwa mvujo wa pumzi ni dhaifu, kwa sababu injini isiyobeba mzigo haina pumzi ya kutosha. Na kwa jasho la polepole, lile linalohitaji siku mbili kujaza tone, utachoka kabla yake.

Poda au chaki

Sehemu iliyooshwa na kukauka kabisa hupakwa kitu cheupe chenye vumbivumbi, na oili ikigusa inaacha doa jeusi. Wengine hutumia poda ya miguu ya kupuliza, wengine poda ya kawaida kwa brashi laini. Mimi napenda chaki iliyosagwa ikachanganywa na spiriti mpaka iwe kama chokaa nyepesi. Unapaka, spiriti inaruka, unabaki na ngozi nyeupe iliyoshika vizuri hata kwenye kona. Spiriti inashika moto, kwa hiyo injini iwe baridi na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Uzuri wa poda ni kwamba inatofautisha chanzo na mtiririko. Chanzo huanza kama nukta, na mtiririko ni mstari unaoshuka kutoka kwenye nukta ile. Hakuna njia nyingine inayochora picha hiyo waziwazi namna hii kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini), kava ya pembeni ya bloku, kichwa cha filta na kava ya mbele. Ila picha hiyo inadumu dakika chache tu. Ukikaa nusu saa ukinywa chai, utarudi ukute uji wa kijivu usiosema lolote. Piga picha kwa simu kila baada ya dakika mbili, kisha zipitie kwa mpangilio. Nimewahi kugundua mvujo kwenye picha ambao macho yangu yaliupita nikiwa nimesimama mbele yake.

Karibu na feni poda haifai, kwani inapeperushwa. Karibu na mdomo wa hewa usiipake kabisa. Na barabarani vumbi na maji huimaliza, kwa hiyo mvujo unaohitaji mlima na mzigo utaponyoka.

Rangi na taa ya urujuanimno

Unamimina rangi maalumu ndani ya oili, basi linakwenda kazini kama kawaida, kisha gizani unamulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Palipovuja panang'aa manjano ya kijani.

Faida yake haina mshindani: inafanya uchunguzi wakati basi liko kwenye kazi halisi. Mlima, mzigo, joto, mtikisiko wa barabara mbovu, vyote vimo. Kwa mvujo unaojificha gereji na kujitokeza safarini, hii ndiyo njia pekee kati ya tano inayoweza kuunasa bila wewe kupanda juu ya injini inayotembea.

Lakini injini kuukuu ya dizeli ina tabia inayowaangusha wengi. Oili yake hugeuka nyeusi kwa masizi mapema sana baada ya kubadilishwa, na masizi hayo humeza mwanga. Rangi iliyomiminwa kwenye oili chakavu hung'aa hafifu au haing'ai kabisa, na fundi anaamua kwamba hakuna mvujo. Mimina rangi siku ya kubadilisha oili, si wiki ya mwisho kabla ya kubadilisha. Angalia pia kipimo kwenye chupa. Chupa nyingi ndogo zimepimwa kwa injini ya gari dogo yenye lita 4 au 5, na sampu ya basi inaweza kubeba lita 20 na zaidi. Chupa moja ndani ya bahari ile haionekani.

Taa nayo inachagua. Yenye mwanga wa nanometa 365 inamulika rangi bila kukupofusha. Zile za nanometa 395 zilizojaa madukani hutoa zambarau nyingi inayofunika mng'ao hafifu. Miwani ya manjano inasaidia. Na kabla hujamimina chochote, mulika injini jinsi ilivyo. Dawa nyingi za rejeta za kijani zina rangi inayong'aa zenyewe, na usipojua ziko wapi tangu mwanzo utafukuza maji ukidhani ni oili. Hata oili uliyomwaga mwenyewe wakati wa kujaza itang'aa kama ushahidi, kwa hiyo futa mdomo wa kujazia vizuri.

Mwisho, rangi haionyeshi muda. Inaonyesha njia yote iliyolowa kwa pamoja. Unarudi kwenye kanuni ileile ya kutafuta sehemu ya juu kabisa. Na mgongo wa bloku usioonekana kwa macho hauonekani kwa taa pia, mpaka upitishe kioo.

Upepo mdogo ndani ya injini

Hapa injini imezimwa. Unaziba bomba la kupumulia, lile linalotoa gesi ya ndani ya injini, na mdomo wa kijiti, unaingiza upepo kidogo kupitia kifuniko cha kujazia oili kilichotobolewa, kisha unapaka maji ya sabuni kila kwenye ungio. Panapovuja mapovu yanachemka.

Neno “kidogo” lazima liandikwe kwa herufi nene: bar 0.1 hadi 0.2, kupitia regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), ukiwa na geji inayosoma presha ndogo. Fanya hesabu uone. Sampu yenye urefu wa sentimeta 80 na upana wa 40 ina eneo la sentimeta za mraba 3,200. Kwa bar 0.2, upepo unaisukuma chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 600. Ukifungua upepo wa gereji wa bar 7 moja kwa moja, nguvu hiyo inavuka tani 20. Sili zitaruka kutoka kwenye nyumba zao, na kava ya tapeti ya bati itavimba kama chapati juu ya moto.

Njia hii inapendeza kwa utulivu wake. Hakuna feni, hakuna mkanda, hakuna joto, unaweza kulala chini ya basi na kusikiliza. Inaingia hata kwenye ungio ambalo halijalowa bado. Ungio lililo chini ya usawa wa oili halitoi mapovu. Linatoa oili yenyewe, ambalo ni jibu zuri zaidi. Ukisikia mlio wa hewa kwenye ekzosi au kwenye mdomo wa hewa, usishtuke: ni upepo unaopita kwenye ringi na kutokea kwenye valvu iliyo wazi.

Sasa mitego yake, na ni mikubwa. Sili ya mdomo wa mpira imeundwa ili presha ya ndani iukandamize mdomo kwenye shafti. Kwa hiyo sili iliyochoka, inayovuja shafti ikizunguka, inaweza kutulia kabisa shafti ikiwa imesimama. Kinyume chake, injini nyingi za zamani hazina sili ya mdomo nyuma. Zina mfereji wa hesi, unaozunguka kama nyuzi za skrubu, uliochongwa kwenye shafti, unaorudisha oili ndani kadiri shafti inavyozunguka, au zina kamba iliyosokotwa. Mfereji wa hesi haufungi kitu injini ikisimama. Upepo utatoka hapo kwa wingi hata kama kila kitu ni kizima, na wewe utashusha gia boksi kwa ajili ya kitu kinachofanya kazi yake sawasawa. Jua injini yako ina sili ya aina gani kabla ya kuamini mapovu ya nyuma.

Tena, upepo huu haufiki kwenye presha halisi ya njia za oili. Swichi yangu ile ya mwanzo, hata kwa bar 0.2, isingetoa povu. Ilihitaji presha ya pampu.

Kuna wanaotumia moshi badala ya sabuni. Ni wazo lilelile, ila mashine yake haiko kila gereji, na palipo na upepo wa nje moshi unakudanganya.

Mpira wa maji: kupima pumzi ya injini

Njia ya tano haitafuti tundu. Inatafuta kwa nini kila tundu linatapika. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U kwenye ubao, jaza maji yenye rangi mpaka katikati. Unganisha upande mmoja na kifuniko cha zamani cha kujazia oili ulichokitoboa, upande wa pili uache wazi. Washa injini. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo presha iliyomo kwenye sampu. Sentimeta 10 za maji ni kama bar 0.01. Ni kidogo sana, geji ya kawaida haisomi, ila inatosha kuisukuma oili kwenye gasketi ya miaka mingi.

Kiwango kinachoruhusiwa kinatofautiana kwa kila injini, na kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Lakini kulinganisha injini na yenyewe hakuhitaji kitabu. Soma bila mzigo, kisha kwa mizunguko ya juu. Maji yakipanda sana, fungua bomba la kupumulia kabisa, soma tena. Yakirudi karibu usawa, bomba au chujio lake limeziba kwa uji wa oili na masizi. Kazi ya kulisafisha ni ndogo, na mivujo mitatu inaweza kukauka kwa mkupuo.

Yakibaki juu, usikimbilie kusema ringi zimekwisha. Kuna mshukiwa ambaye wengi hawamuulizi: kompresa ya upepo wa breki. Hupata oili kutoka kwenye injini na kuirudisha kwenye injini. Ringi zake zikichakaa, upepo wake huteremka kwa njia ileile ya oili mpaka kwenye sampu. Kumjaribu ni rahisi. Toa upepo kwenye matangi kwa kukanyaga breki mara kadhaa ili kompresa ianze kujaza, soma mpira wa maji. Subiri matangi yajae na kompresa ipumzike, soma tena. Maji yakishuka waziwazi kompresa inapopumzika, umempata. Fungua pia vali za chini za matangi. Oili ikitoka nyingi pamoja na maji, hapo ndipo ile lita iliyopotea bila kudondoka imekwenda. Tabo iliyochakaa nayo huweza kusukuma hewa kwenye sampu kupitia bomba lake la kurudisha oili.

Kama ningelazimishwa kubaki na kifaa kimoja kwa injini iliyozeeka, ningebaki na mpira huu. Hauniambii nibadilishe gasketi ipi, lakini umenizuia mara nyingi kubadilisha gasketi ambayo ingepasuka tena baada ya mwezi.

Zikiwekwa upande kwa upande

| Njia | Injini | Inakamata vizuri | Inakosa |
|---|---|---|---|
| Macho na tochi | Inawaka, kwa hatua | Presha, mahali pa kuonekana | Jasho la polepole, mvujo wa mlimani |
| Poda au chaki | Inawaka, dakika chache | Nukta kamili kwenye kava na maungio | Karibu na feni, safarini |
| Rangi na taa | Kazini kama kawaida | Mvujo wa mzigo, joto na mtikisiko | Oili chakavu nyeusi |
| Upepo mdogo | Imezimwa | Gasketi, kava, sampu | Njia za presha, sili zinazozunguka |
| Mpira wa maji | Inawaka | Sababu: pumzi, kompresa, tabo | Mahali penyewe |

Ukiwa na basi moja na jioni moja, osha, pima kwa mpira wa maji, kisha paka chaki. Mpangilio huo unaniridhisha kwa mivujo mingi ya kawaida. Kama basi haliwezi kusimama kazini, mimina rangi siku ya kubadilisha oili na uliangalie usiku linaporudi. Upepo mdogo ninauweka kwa injini iliyoshushwa, au iliyofungwa upya na bado haijaingia kwenye basi. Hapo ndipo njia hiyo inapolipa zaidi, kwa sababu kosa lolote la gasketi unaliona kabla ya kubeba uzito wote ule kurudi ndani.

Injini ya mbele na ya nyuma zinahitaji macho tofauti. Ya mbele huonyesha uongo wa kurudi nyuma: mvujo wa kava ya mbele unatambaa chini ya sampu mpaka kwenye klachi. Ya nyuma haina heshima kwa mwelekeo. Hewa inayozunguka nyuma ya basi hurusha matone kila upande pamoja na vumbi, na tope lile la mafuta linakwenda kukaa kwenye mapezi ya rejeta mpaka injini ianze kuchemka. Kwa injini ya nyuma siamini kabisa macho baada ya safari. Rangi, au chaki basi likiwa limesimama.

Kabla ya kushusha gia boksi

Tone kwenye nyumba ya klachi lina wazazi wengi: sili ya nyuma, kona ya nyuma ya kava ya tapeti, kizibo cha nyuma cha kamshafti (shafti inayofungua valvu), vizibo vya njia za oili, swichi ya presha, bomba la kurudisha oili ya tabo, kona ya nyuma ya sampu, na sili ya gia boksi yenyewe. Oili ya gia boksi ya kawaida ni nzito na mara nyingi hunuka kiberiti. Ile ya gia za otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Sugua kwenye karatasi nyeupe, nusa.

Kisha fungua kibati cha ukaguzi cha nyumba ya klachi, ingiza kamera ya waya. Ukiona michirizi ya oili iliyorushwa kutoka katikati kwenda ukingoni mwa flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krankshafti), oili inatoka katikati: sili, au kwa baadhi ya injini boliti za flaiwili ambazo matundu yake yametoboka mpaka ndani. Flaiwili ikiwa kavu huku chini ya nyumba kumelowa, oili imeingia kutoka nje. Usishushe kitu.

Na ikiwa kweli ni sili, chunguza shafti kwa ukucha. Sili ya zamani mara nyingi huchimba mfereji kwenye chuma, na sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule itavuja tangu siku ya kwanza. Kuna pete nyembamba za chuma, unene wa kama robo milimita na kidogo, zinazovishwa juu ya mfereji huo. Au ikae sili kwa kina tofauti kidogo, kama nyumba yake inaruhusu. Kumbuka pia kwamba sili za mdomo wa tefloni huvishwa kavu, wakati za mpira wa kawaida hupakwa oili kwanza. Kukosea hapo kunarudisha gia boksi chini.

Ambacho si mvujo

Injini za mizunguko miwili za Detroit Diesel, familia ya 71 iliyoanza mwaka 1938 na kubeba mabasi mengi ya Marekani, zina vijibomba vya kumwaga unyevu kutoka kwenye sanduku la hewa, chumba cha hewa kinachozunguka silinda. Vinadondosha oili nyeusi kidogo, na vimewekwa kwa ajili hiyo. Mtu akiviziba kwa kuona aibu ya sakafu chafu, oili hujikusanya ndani, na injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma kama mafuta. Kumwaga kupita kiasi ni habari nyingine, lakini tone lenyewe liache.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja sijazipa nafasi kwenye jedwali. Zinavimbisha mpira wa sili kwa muda. Zinaweza kukusogeza mpaka mwisho wa wiki, na hazimwambii mtu chochote kuhusu bomba la kupumulia lililoziba. Silikoni iliyorundikwa juu ya gasketi ni mbaya zaidi, maana ile iliyobanwa ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili.

Mivujo yote haistahili haraka sawa. Jasho kwenye gasketi ya sampu linaweza kungoja ratiba. Oili inayoangukia karibu na ekzosi au tabo haingoji, kwa kuwa huo ni moto wa injini unaosubiri siku yake na abiria wako juu yake. Inayofika kwenye sahani ya klachi haingoji, wala inayolowesha mikanda au mipira ya rejeta.

Ukishatengeneza, osha rangi yote ya zamani, la sivyo wiki ijayo utaona mng'ao wa jana na kumlaumu fundi wa leo. Rudisha mpira wa maji kwa dakika tano. Kisha tandika kadibodi mpya, andika tarehe na kilomita pembeni, na uiache usiku kucha.